Barua ya wazi: Dakika ya kumi na moja

Kwa Kamishna Jenerali wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, na viongozi wa mamlaka inayotuletea maji mjini.

Mbukwenyi, na shikamooni mlionizidi umri.

Nawaandikia nikiwa kibarazani kwangu Nkuhungu. Upepo huu wa kiangazi, unaozoa vumbi tangu asubuhi, ndio ulionikalisha chini na kalamu. Mwenzangu akiusikia anakimbilia kuanua nguo. Mimi mawazo yanakwenda kwenye mabanda ya mbao yaliyobanana masokoni mwetu, na jinsi moto unavyoweza kuvuka kichochoro kabla mwenye banda hajapata ufunguo wa kufuli lake.

Kwa miaka 19 nilikuwa mwendesha pampu katika kikosi cha zimamoto cha taasisi moja, nje ya mkoa huu. Sitaitaja, kwa kuwa sikuja kushtaki. Sikuwahi kuvaa sare ya Jeshi lenu, hivyo nitakayoyasimulia ya kwangu msiyahesabu kuwa yenu. Nilipostaafu nilimfuata mwanangu ambaye ofisi yake ilihamishiwa huku, kama walivyohamishwa maelfu tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia makao makuu kweli kweli. Nimewaletea jambo moja tu, nalo nitalirudia hadi mnichoke: moto mkubwa wa mji huu, Mungu apishe mbali, utaamuliwa na kitakachotokea dakika ya kumi na moja.

Niwape hesabu yake. Mwendesha pampu haingii motoni. Anabaki na gari, mkono kwenye valvu, macho kwenye geji ya tangi. Chukueni gari lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja wa kushambulia moto, ukifunguliwa sawasawa, unakula lita 400 hadi 500 kwa dakika. Hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne: dakika 10, labda 12. Mkitandika mipira miwili, kama inavyotakiwa moto ukiwa wa sokoni, mnabaki na dakika 5. Baada ya hapo mnayo injini inayonguruma, taa zinazozunguka, na askari waliosimama mbele ya umati wakiwa na mpira uliolala kama nyoka aliyekufa.

Hapo ndipo sauti inapotoka katikati ya watu: "Gari limekuja bila maji!" Nadhani hakuna Mtanzania ambaye hajawahi kuisikia kauli hiyo au kuisema mwenyewe. Nimepigwa mawe kwa ajili yake. Jiwe moja lilivunja kioo cha dereva, jingine lilinipata begani, na bega hilo mpaka leo linanikumbusha usiku wa baridi. Gari lilikuwa limekuja na maji. Watu walifika wakati yamekwisha, wakakuta tangi tupu, na kwa macho yao walikuwa na haki ya kusema walichosema.

Jeshi lenu lina namba 114 ambayo mtu anaipiga bure, na ninawasihi majirani zangu waiweke kwenye simu zao na waipige kabla ya kupiga picha. Lakini gari likishaitwa na kufika, maji ya pili yanatoka wapi?

Jibu la vitabuni ni haidranti, zile nguzo nyekundu za maji za pembeni mwa barabara. Katika sensa ya mwaka 2022 Jiji la Dodoma lilihesabiwa watu 765,179, na kila mwezi naona misingi mipya ikichimbwa Nzuguni, Iyumbu, Ntyuka na kwingine ambako juzi palikuwa mashamba ya uwele na zabibu. Mtandao wa mabomba unawakimbiza watu na hauwafikii. Maji yetu mengi yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, chini ya ardhi, katika nchi ambayo mvua inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili halafu mbingu inafunga mlango. Tunaishi kwa mgao, na tumezoea. Haidranti iliyounganishwa na bomba la mgao nayo inalala na njaa siku mtaa wake ukifungiwa. Miradi mikubwa inayozungumzwa, Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria, ninaiombea ifike haraka. Moto hautaisubiri.

Na sasa nisikilizeni, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Maji yapo. Yanatembea barabarani mbele ya macho yetu. Hapa mtaani kwangu maboza yanapita asubuhi hadi jioni yakiuza maji, mengine yakibeba lita 10,000 kwa safari moja. Boza moja la namna hiyo ni dakika 20 za mpira mmoja. Maboza matatu yakizunguka vizuri, moja likimwaga, moja njiani, moja likijaza, mipira miwili inaweza kufanya kazi usiku kucha. Kinachokosekana ni kiunganishi. Boza halina pampu ya moto, na midomo ya mipira yake haiingiliani na ya gari la zimamoto. Dereva wake, hata akija kwa huruma, anasimama pembeni na maji yake hajui ayamwage wapi.

Wenzetu wa mashambani huko Marekani na Australia, ambako hakuna bomba la mtaa, walilitatua jambo hili zamani. Gari la kwanza linabeba tangi la kukunja, la turubai nzito lenye fremu ya chuma. Askari wawili wanalifungua chini kama mkeka. Boza likifika linamwaga maji yote mle na kuondoka kwenda kujaza tena. Gari la zimamoto linatumbukiza mpira mgumu wa kufyonza na kuvuta maji kutoka hapo. Dereva wa boza anahitaji kujua jambo moja tu: mwaga hapa. Ndicho kifaa ninachowaomba kwa kila gari litakalotumika Dodoma. Hakina kompyuta, hakihitaji fundi kutoka nje, na kikitoboka fundi wa maturubai wa Majengo anakiziba.

Turubai peke yake halitoshi, pasiwe na udanganyifu hapo. Mwenye boza anapoteza safari na anachoma mafuta yake. Mara ya kwanza atakuja kwa moyo. Mara ya pili, akiwa bado anadai ya mara ya kwanza, akisikia king'ora atazima simu. Kwa hiyo Jiji liingie nao mkataba mapema, wenye bei inayojulikana na malipo yasiyozidi mwezi. Namba zao ziwe ukutani chumba cha simu cha zimamoto. Ijulikane nani anaegesha wapi usiku na nani anaamka haraka. Iandikwe pia ramani ya maji yasiyo ya bomba: matangi ya vyuo, mabwawa ya kuogelea ya hoteli, matangi ya makanisa na misikiti, visima vya watu binafsi wenye mapenzi mema. Mwenyekiti wangu wa mtaa angeweza kuorodhesha ya kwetu kwa siku mbili akizunguka na bajaji.

Nikitoka kwenye maji nakuja kwenye uongozi, ingawa kwangu ni kitu kimoja. Maji yakiwa ya dakika 10, uongozi ni kuamua yamwagwe wapi.

Usiku mmoja, katika mji mdogo ambako kikosi chetu kiliombwa msaada, tulikuta fremu za maduka zimejipanga safu moja, fremu 11 zilizoegemeana, kenchi za mbao zimeunganishwa juu kwa juu chini ya bati moja refu. Fremu ya tatu ilikuwa ya magodoro, inawaka. Ya pili na ya nne zilikuwa zinaanza kushika. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea ya kumi na moja. Tulikuwa na gari moja. Kamanda wetu alikuwa koplo, kijana wa miaka kama 27, kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu. Alizunguka safu ile mbio, akarudi, akasema: "Mpira wote fremu ya tano na ya sita. Ng'oeni bati hapo katikati."

Fremu ya tano ilikuwa haina moto. Umati ulipandwa na wazimu. Mwenye fremu ya nne alimshika kijana kola akilia, "Unamwagia pasipoungua, changu unakiacha!" Nilimwona yule koplo akitetemeka midomo, lakini hakubadilisha amri. Mitarimbo ikaanza kung'oa bati, maji yakaanza kulowesha kenchi.

Kisha simu yake ikaita. Alikuwa mkubwa wetu, yuko nyumbani kwake kilometa nyingi kutoka pale, kapigiwa na mtu mwenye sauti mjini. Sikusikia maneno yake, nilisikia majibu: "Ndiyo afande. Ndiyo afande." Mpira ukahamishwa. Vijana wawili wakaingia na nozeli ndani ya duka la magodoro kushambulia moto ulipo, kama alivyoagiza mtu ambaye hajauona.

Geji yangu ikashuka chini ya robo. Niliita kwenye redio, lakini redio ilikuwa imejaa watu wanaosema kwa wakati mmoja. Niliita tena. Nikaacha redio nikaenda kwenye honi, nikaikandamiza mara tatu, ndefu, ishara yetu ya kila mtu atoke nje. Sikumuuliza mtu. Nilipunguza mkandamizo ili maji kidogo yaliyobaki yawafunike wakirudi kinyumenyume. Walitoka wakitambaa. Hatukuwa tumemaliza kuwahesabu pale bati la fremu ya tatu liliposhuka na kenchi zake.

Maji yakaisha. Moto ukaenda na upepo ukala fremu zote hadi ya kumi na moja. Amri ya koplo isingebadilishwa, huenda zingeungua nne au tano tu. Wiki iliyofuata niliitwa ofisini nikaulizwa nani alinipa mamlaka ya kutoa watu motoni. Nilijibu kwamba geji ndiyo iliyonipa. Nikapewa barua ya onyo. Ninayo hadi leo, nimeihifadhi kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto.

Waheshimiwa, yule koplo alikuwa sahihi, na kila mtu pale alidhani ni mjinga. Kinachowaka kimeshakwenda. Maji haba yakimwagwa katikati ya moto mkubwa yanageuka mvuke hewani kabla hayajapoza kitu. Maji hayo hayo yakimwagwa juu ya mbao ambazo bado ni nzima, na bati likang'olewa ili moto ukose daraja, yanaokoa kila kilicho mbele. Ndiyo kazi ya kukata moto: unautangulia. Ila ukimtazama askari akifanya hivyo, na duka lako ndilo linaloachwa, utaona ukatili mtupu. Kijana mwenye cheo kidogo hawezi kubeba uamuzi huo peke yake kama hajui kwamba kesho wakubwa watasimama naye.

Ninachoomba kwa Kamishna Jenerali ni hiki. Atakayefika wa kwanza, hata awe konstebo, awe kamanda wa tukio hadi mwenye cheo afike kwa miguu yake, auone moto kwa macho yake, aelezwe maji yamebaki kiasi gani, halafu atamke kwenye redio kwamba amepokea uongozi. Kabla ya kutamka hivyo awe mgeni. Amri ya kwa simu kutoka kitandani isiwe amri. Na mtu wa pampu apewe haki ya maandishi ya kutoa watu ndani maji yakishuka chini ya robo, bila kuomba ruhusa na bila kusubiri barua ya onyo.

Kwa Mkuu wa Mkoa naomba jambo gumu zaidi. Ikitokea siku hiyo, simama pale sokoni kwenye majivu, mbele ya kamera, useme: "Kijana huyu aliacha mabanda manne ili yapone mia mbili, na alifanya sawasawa." Ukisema hivyo mara moja tu, kila askari wa mkoa huu atakuwa amesikia. Halafu wafidie wale wanne, au watafutieni mtaji, kwa sababu wao ndio waliolipa.

Mambo haya yamewafika hata wenye vifaa vingi kutuzidi. Tarehe 18 Juni 2007, mji wa Charleston, Marekani, duka kubwa la samani liliungua. Moshi ulikuwa umejificha juu ya dari, askari wakaingia ndani zaidi, maji hayakutosha, uongozi pale nje haukueleweka ni wa nani, na paa la chuma likaporomoka. Walikufa askari 9 usiku mmoja. Wachunguzi walipomaliza waliandika kurasa nyingi juu ya maji na juu ya nani alikuwa anaongoza.

Nataja dari kwa makusudi. Nyumba karibu zote zinazoota Ilazo, Kisasa na Nkuhungu yetu zina dari ya jipsamu, kenchi za mbao na bati juu. Moto unapenda kutembea katika pango hilo la katikati. Askari aliyeko sebuleni anaona moshi mwepesi anadhani mambo ni madogo, kumbe juu ya kofia yake kenchi zinaliwa. Na mle sebuleni nako siyo kama zamani. Wazazi wetu walikalia vigoda na viti vya mbao. Sisi tunakalia sponji, na sponji ikiungua inatoa moshi wenye sumu unaoangusha mtu kabla hajaona mwali. Majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kuwa chumba chenye samani za kisasa kinashika moto chote kwa mpigo chini ya dakika 5, wakati cha samani za zamani kilichukua karibu nusu saa. Gari lenu hata likiwahi vipi, mara nyingi litafika baada ya dakika hizo 5. Kwa hiyo vijana wafundishwe kusoma moshi kabla ya kuvuka mlango, rangi yake, unene wake, na kama nyumba inautoa au inauvuta ndani. Majirani nao wafundishwe wasivunje madirisha kwa nia njema kabla mpira haujawa tayari. Dirisha lililovunjwa ni pumzi kwa moto.

Madirisha yenyewe tumeyafunga nondo kwa kuogopa wezi. Kwa mwizi zinafaa. Kwa mtoto aliyelala chumba cha nyuma ni gereza. Katika mkoa jirani wa Iringa, shule ya Idodi, wasichana 12 walifia bwenini mwaka 2009. Kyerwa, Kagera, mwaka 2020, wanafunzi 10. Sijui mama anaendaje kumtambua mtoto siku hiyo. Fikirieni shule ya bweni iliyoko Chemba au Mpwapwa, kilometa 40 kutoka kwenye gari la zimamoto lililo karibu. Huko hakuna dakika ya kumi na moja wala ya kwanza. Kuna mlango tu. Wakaguzi wenu wakifika shule za namna hiyo, kabla ya kuuliza mitungi ya kuzimia moto, waingie bwenini usiku, taa zimezimwa, wajaribu kutoka. Nondo ziwe na kitasa cha kufungulia kwa ndani na kila mtoto aliyeko bwenini akijue kwa kupapasa. Kwa gharama ya kuchomelea bawaba mbili.

Mengine nayapitia haraka. Taifa limejiwekea lengo la asilimia 80 ya kaya kupikia nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mimi mwenyewe nimeacha mkaa. Hiyo maana yake ni mitungi ya gesi kwa mama lishe, kwenye fremu, kwenye vyumba vya kupanga, na askari wanaojua kwamba mwali unaotoka kwenye valvu hauzimwi kabla gesi haijafungwa, na kwamba mtungi unaolambwa na moto unapozwa kutoka mbali. Treni ya umeme inayotuunganisha na Dar es Salaam tangu mwaka 2024 inapita chini ya nyaya za volti 25,000. Asinyunyize maji mtu hapo kabla hajathibitishiwa kuwa umeme umekatwa, na uthibitisho huo uwe na njia moja fupi ya simu usiku na mchana. Mji wa Serikali Mtumba una maghorofa. Kila mita 10 unazopandisha maji unapoteza bari moja ya mkandamizo, na mpira wa barabarani haupandi ngazi kwa ujasiri. Mabomba ya kupandishia maji yaliyomo ndani ya majengo hayo yajaribiwe kwa maji halisi, kila mwaka, na si kwa kusaini fomu.

Kuna la mwisho, na hili naliandika kama mama.

Binti yangu mdogo alipokuwa na miaka minne alikuwa akinipokea mlangoni na kuniambia, "Mama, unanukia jikoni." Nilikuwa nacheka, nambeba, koti la moto likiwa bado begani. Nililifua koti hilo kwenye beseni moja na nguo zake za shule. Kikosini kwetu koti jeusi kwa masizi lilikuwa heshima, koti safi lilikuwa la mgeni. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa kitandani nikaanza kuhesabu wenzangu tuliowazika kabla hawajapokea pensheni ya pili. Siwezi kusema kila mmoja aliuawa na moshi. Nasema hatukufua makoti yetu.

Kila kituo kiwe na mahali pa kufulia, na kila askari awe na koti la pili la kuvaa la kwanza likiwa kwenye kamba. Asiende nalo nyumbani. Mtungi wa hewa uvaliwe mpaka mwisho, hata wakati wa kupekua majivu, maana moto ukishazimwa ndipo watu wanapovua barakoa na kuvuta sumu iliyobaki. Kwa joto hili la Dodoma wapewe maji ya kunywa eneo la tukio na mahali pa kukaa kivulini kwa zamu. Nimewaona vijana wakianguka kwa kiu huku wamezungukwa na mipira ya maji. Wapimwe afya kila mwaka na majibu wapewe wao. Na baada ya kila tukio kubwa wakae chini pamoja, koplo na mrakibu meza moja, waseme nini kilitokea bila mtu kuandikiwa onyo. Kijana akishajua kwamba ukweli wake utamletea barua, mara ya pili atasema "ndiyo afande" na ataingia ndani.

Nimesema mengi kuliko nilivyokusudia. Nifunge kwa ombi ambalo mnaweza kulitimiza mwezi huu bila kusubiri bajeti. Chagueni Jumamosi moja alfajiri, kabla soko la Sabasaba halijafunguliwa. Leteni gari moja lenye tangi lililojaa. Iteni maboza matatu ya mtaani kwa simu, saa hiyo hiyo, bila kuwataarifu usiku wa kuamkia, na mwalipe safari yao. Kama tangi la kukunja halijapatikana, chukueni turubai na magogo, tulitumia hivyo mwaka mmoja na likakaa. Mpeni uongozi koplo. Wakubwa waje bila simu. Ifunguliwe mipira miwili, na tuone maji yanakatika dakika ya ngapi, na boza la kwanza linafika dakika ya ngapi.

Mimi nitakuja na saa yangu, nisimame kando ya geji. Namba yangu ya simu ofisi ya serikali ya mtaa wanayo.

Mwendesha pampu mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma